Tutengeneze Gari Wenyewe, au Tumlipe Fundi?



Katika toleo hili tungependa tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa ni la mfuko tu, wala si la dhamiri. Gari linapoharibika, je, mwenyewe alitengeneze kwa mikono yake, au alipeleke gereji akalipe? Wapo wenzetu wanaoamini kwamba mtu mzima asiyeweza kufungua plagi ya gari lake ni mvivu. Wapo na wengine wanaoamini vilevile kwamba mwalimu au karani anayejilaza chini ya gari siku ya Jumamosi anamnyima fundi riziki, na anajitafutia balaa. Pande zote mbili zina maneno ya haki. Lakini tukiyapima vizuri tutaona kwamba zote zimemsahau mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye haki kubwa kuliko sisi na fundi.

Tuanze na wale wasemao, "Tujitengenezee." Hao wana historia upande wao. Waliokuwa na magari katika nchi yetu miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 hawakujifunza ufundi kwa kupenda. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Katikati yake ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri vikawa adimu pamoja nazo. Mwenye Land Rover au Volkswagen alijua kusugua platini kwa msasa, kufungua kabureta na kuzibua matundu yake kwa kupuliza, na kukata gaskiti kwa karatasi ngumu. Asiyejua hayo gari lake lilikaa juu ya matofali hata majani yakaota chini yake.

Tena kulikuwa na fundisho lililokwenda mbali kuliko shida. Azimio la Arusha la Februari 1967, na maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea yaliyofuata mwezi Machi mwaka huohuo, yalitukumbusha kwamba msomi asidharau kazi ya mikono. Mtu aliyekwisha kupata mafuta kwenye kucha huacha kumwita fundi "kijana wa gereji" kana kwamba hana jina. Anajua ugumu wa nati iliyoshika kutu. Anajua kwamba saa mbili za kazi zaweza kuisha kwa kutafuta boliti moja iliyoanguka ndani ya injini. Heshima ya namna hii haipatikani kwa kusoma tu.

Na faida ya mfuko si ya kubeza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kupima oili na maji ya radieta kila juma kwa mkono wake ataona upungufu mapema. Asiyefungua boneti mpaka gari lizimike ataletewa hesabu ya injini nzima.

Sasa tuwasikilize wale wasemao, "Mlipe fundi." Nao hawakosi hoja. Adam Smith, mtu wa Scotland, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1776 jinsi watu 10 wa karakana moja ya pini, kila mmoja akiwa na sehemu yake ya kazi, walivyoweza kutoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku moja. Kila mmoja angefanya peke yake, asingefikisha hata 20. Mkulima alime, mshonaji ashone, fundi atengeneze, ndipo wote wapate. Kama kila mtu angejishonea, kujijengea na kujitengenezea, sote tungekuwa na kazi nyingi na mali kidogo. Kijana aliyekaa miaka mitano akimshikia mwalimu wake spana amelipa kwa ujana wake ili ajue yale tusiyoyajua. Tunapomlipa, hatulipi saa moja aliyoinama kwenye injini yetu; tunailipa na miaka ile.

Tena magari yenyewe yamebadilika. Yale ya zamani ulikuwa ukiyasikiliza kwa sikio na kuyapima kwa jicho. Magari mengi yanayoletwa leo kutoka Japani yakiwa yametumika huko yana kompyuta inayopima mafuta na hewa na moto wa plagi, na taa ya onyo ikiwaka haitaji ugonjwa mpaka uwe na kifaa cha kuusoma. Gari linalotumia petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius, lina betri kubwa yenye zaidi ya volti 200. Waya zake zimetiwa rangi ya chungwa kwa makusudi, ili mtu azione na kuogopa. Kuzigusa bila kufundishwa si kujitegemea, ni kujiua.

Basi, nani mshindi? Sisi twaona kwamba tukiendelea kupima hivi hatutafika. Upande mmoja unasema juu ya fedha na heshima ya mwenye gari. Upande wa pili unasema juu ya riziki na ujuzi wa fundi. Hakuna aliyemtaja yule mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni, wala abiria aliyepanda kwa kuwa mvua inanyesha, wala mwendesha baiskeli aliyeko mbele ya gari letu. Gari halifanani na kiti cha nyumbani. Kiti nilichojitengenezea vibaya kikivunjika, nitaanguka mimi. Gari hutoka nje ya ua wetu likaingia katika njia ya watu wote, na wale tunaokutana nao huko hawakuulizwa kama wanauamini mkono ulioifunga breki.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe, "Itagharimu kiasi gani?" wala, "Je, naweza?" Swali la kwanza liwe hili: mkono huu ukikosea, nani atakayelipa?

Tutoe mfano mmoja, maana bila mfano maneno haya ni mepesi. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, yanatakiwa yasichemke kabla joto halijafika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kipimo kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 140. Sasa tuseme mtu ana chupa iliyokaa wazi stoo mwaka mzima. Anabadilisha breki zake mwenyewe Jumamosi, anajaza mafuta ya chupa ile, anajaribu gari mtaani. Breki zinashika vizuri. Anafurahi, amebakiza fedha. Juma linalofuata anatoka Iringa kwenda Morogoro na watu wanne ndani ya gari. Katika mteremko wa Kitonga anakanyaga breki mfululizo badala ya kushuka kwa gia ndogo. Breki zinapata moto, mafuta yanachemka na kutoa mapovu. Mapovu hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana pedali sasa inakwenda hadi sakafuni na gari halisimami.

Tazameni jinsi kosa hilo lilivyojificha. Halikuonekana siku lilipofanyika, wala mahali lilipofanyika. Lilingoja mlima. Na waliolipa si mtenda kosa peke yake. Hapa ndipo tofauti ya kazi na kazi inapoonekana.

Zipo kazi ambazo tukikosea tunalipa kwa mfuko wetu. Kubadilisha oili na filta yake, kusafisha chujio la hewa, kubadilisha plagi, kusafisha vichwa vya betri, kutia balbu ya taa: katika hizi, mwenye gari aliyefundishwa vema ana haki yote ya kujaribu. Akikosea, mara nyingi gari litakataa kuwaka, au litamletea gharama, na yeye ndiye atakayeumia.

Zipo kazi ambazo tukikosea tunalipa kwa mwili wetu. Umeme wa magari tuliyoyataja ni mmoja wao. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni nyingine, nayo huua watu kwa sababu ndogo sana: ardhi laini, au gari lililosahauliwa kuwekewa jiwe kwenye gurudumu. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma. Mtu anaweza kusema, "Maisha ni yangu." Lakini mwenye mke na watoto hawezi kusema hivyo kwa moyo mweupe.

Na zipo kazi ambazo tukikosea watalipa wengine. Breki, usukani, boljointi, matairi na nati za magurudumu. Katika hizi twasema bila kuficha: asiyefundishwa asiguse, hata kama ana spana nzuri na Jumamosi nzima. Anaweza kuwa jasiri kwa maisha yake. Hana ruhusa ya kuwa jasiri kwa maisha ya wengine.

Hapo msomaji mwenye uzoefu atatucheka kidogo. Atasema, "Mwasema nimpeleke fundi. Je, mmewaona mafundi wenyewe? Huyo aliye chini ya mwembe hakusoma popote. Mwingine atatoa kipuri changu kizima na kunitilia kibovu." Maneno hayo ni kweli, wala hatutayakwepa. Kulipa hakununui usalama, na risiti haiondoi lawama. Mtu anayefikiri kwamba akishamkabidhi fundi ufunguo amemkabidhi na dhamiri yake, amejidanganya. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani.

Basi ni nini kinachotupasa? Twaona kwamba kutengeneza kwa mkono wako ni hiari, lakini kujua ni wajibu. Mwenye gari si lazima aweze kufunga breki mpya. Lazima ajue breki iliyochakaa inaliaje, pedali ilegee kiasi gani ndipo aogope, na tairi liishe kiasi gani ndipo litupwe. Mgonjwa hajipasui mwenyewe, lakini ni yeye anayejua pale panapouma, na akinyamaza daktari atapapasa gizani.

Kuna sababu nyingine ya kujua, nayo inamhusu fundi mwenyewe. Mwaka 1970 mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za namna hiyo. Hoja yake, kwa lugha nyepesi, ni hii: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zuri. Basi wenye magari mazuri wataona hasara na kuyaondoa sokoni, na mabovu ndiyo yatakayobaki. Hamwoni kwamba hali ni hiyohiyo katika gereji zetu? Fundi mwaminifu anatia kipuri halisi, anafunga kila boliti, anasema bei yake. Fundi mdanganyifu anatia kipuri bandia, anaacha boliti mbili, anataja nusu ya bei. Sisi tusiojua twaona kazi mbili zinazofanana, twamwendea wa bei ndogo. Baada ya miaka michache yule mwaminifu ama amefunga gereji yake, ama amejifunza kuacha boliti mbili. Kisha twakaa vibarazani tukilalamika kwamba mafundi wote ni wezi, na hatukumbuki ni nani aliyewachagua.

Ujinga wa mwenye gari, basi, si aibu yake ya faragha. Unamwadhibu fundi mwema na kumlisha mwovu. Na ubahili wetu hufanya kazi ileile. Kuna mtu atakayepatana bei na fundi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, amkabe mpaka faida yote iishe, kisha aondoke akijisifu. Hajiulizi fundi yule, mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule, atapata wapi kile kilichopungua. Atakipata ndani ya gari. Bei tunayoibana mezani hulipwa barabarani.

Twawasihi wasomaji wetu wafanye mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Simameni karibu wakati gari linatengenezwa. Si kwa kumchunga fundi kama mfungwa, bali kwa kujifunza. Ombeni kuonyeshwa kipuri cha zamani kilichotolewa. Ulizeni, "Hiki kimekufa kwa nini?" Fundi mwema hufurahia swali hilo, maana hapati mara nyingi mtu wa kumweleza kazi yake. Akimaliza, mlipeni siku hiyohiyo. Na mkumbukeni kijana anayemsaidia, ambaye pengine hulipwa kwa chai na matumaini tu. Asante yenu na kidogo mtakachomwongezea vitamfanya aone kwamba kazi iliyofanywa vizuri inaonekana.

Liko swali gumu lililobaki, nalo ni la maskini. Je, mwenye pikapu ya kubebea ndizi, au kijana wa bodaboda, ambaye hana fedha ya gereji hata kidogo, afanye nini? Akilaza chombo, watoto hawali. Hatuwezi kumhubiria mtu huyo kana kwamba ni mchoyo. Njaa yake ni ya kweli. Hata hivyo abiria wake hajui kwamba breki zimefungwa kwa waya, wala hakukubali kubeba hatari ile ili nauli ipatikane. Umaskini unaeleza kwa nini kosa limefanyika, haumfufui aliyekufa. Kwa hiyo neno letu ni gumu, nasi twalisema kwa huzuni: chombo kisichosimama kisitembee, awe nacho tajiri au maskini.

Lakini neno gumu likisemwa na watu wanaokaa kitako ni unafiki. Tukimwambia jirani alaze chombo chake, imetupasa tumsaidie kukiamsha. Mwenye stendi za chuma na spana nzuri azikopeshe. Wenye vyombo 10 katika mtaa mmoja waweza kuchangishana kila mwezi, na yule ambaye breki zake zimekwisha akawa wa kwanza kupokea. Waweza kupatana na fundi mmoja mwaminifu wampelekee kazi zao zote, naye akawapunguzia bei bila kupunguza boliti, kwa kuwa ana hakika ya wateja. Hapo kujitegemea kunapata maana yake ya kwanza, ambayo haikuwa kila mtu peke yake uani kwake, bali watu kutegemezana bila kungoja mgeni.

Na wenye viwanda nao wana sehemu yao. Katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 2012, na tena mwaka 2020, kwamba makampuni ya magari yasiyafungie maelezo yanayohitajika katika matengenezo, bali mwenye gari na gereji yoyote anayoichagua waweze kuyapata. Twaona walikuwa na haki. Ikiwa kujua ni wajibu wa mwenye gari, basi kumficha ujuzi huo ili alazimike kurudi kwa muuzaji mmoja ni kumzuia asitimize wajibu wake. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika mbali, na vitabu vyake mara nyingi vimeandikwa kwa Kijapani, twaujua uzito wa kufichwa.

Basi, ndugu msomaji, utakaposimama mbele ya gari lako na spana mkononi, jiulize mambo matatu. Je, nimefundishwa kazi hii, au nimeona tu ikifanywa? Nikikosea, atakayeumia ni mfuko wangu, mwili wangu, au mtu nisiyemjua? Na nikimpa fundi, je, nitajua kama ameifanya? Ukiweza kuyajibu hayo kwa kweli, fungua boneti kwa amani au peleka gari gereji kwa amani. Njia zote mbili ni za heshima. Usipoweza kuyajibu, liache gari lipumzike, upande basi au utembee kwa miguu, mpaka utakapoweza.